Mgongo, Makali, Ncha

Nilikitoa ukutani kwa mwalimu aliyekuwa akihama,
akirudi kusini, kwenye taa nyingi.
Miaka kumi na moja alikitumia kufungulia barua.
Nilimpa ngozi mbili za kulungu wa theluji,
naye akaniongezea msumari kilipotundikwa.

Urefu wake ni toka kiwiko changu hadi kifundo cha mkono.
Mpini wa mbetula, pete ya pembe,
chuma kimepita humo ndani mpaka mwisho.
Hakikunjiki. Hakina springi.
Jovnna mhunzi alikigusa kwa ukucha wa dole gumba,
akatemea kinoo mate, akasema:
"Hiki hakijazeeka. Kimezoea karatasi tu."

Shemeji yangu Issát alicheka.
Yeye anacho cha kukunja, chenye vyuma tisa:
kizibuo, mkasi, hata cha kuchokolea meno.
"Ravdna," akaniita mbele ya watu,
"unakwenda kuchunga au kuvamia nchi?"

Nikamwacha. Maneno makali hayavunji mfupa.
Kisu changu huvunja:
muundi wa kulungu, pigo moja la mgongo wake,
na uboho ukateleza mzima kwenye sahani.
Na jioni hiyo hiyo kilichonga kijiko,
kikatoa kibanzi kidoleni mwa mtoto wa jirani
huku akinisimulia habari za mbwa wao,
asijue kwamba nimeshamaliza.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Sawa. Na mwenye kukinoa kila usiku, analala saa ngapi?

Mwisho wa Januari,
jua linachungulia na kuondoka kabla hujalikaribisha,
skuta ya Issát ilipinduka ukingoni mwa mto,
ikamlalia mguu.
Niliusikia mfupa kabla sijamsikia yeye.
Digrii thelathini na nne chini ya sifuri.
Nilipomvuta kutoka chini ya chuma
alitoa kile chake, chenye vyuma tisa,
vidole vikashindwa kukifungua.
Wote tisa walikuwa ndani, wameganda,
kama familia iliyojifungia mlango.

Nikakata.
Mbetula wa kwanza, mapigo sita, chini.
Wa pili, manne.
Nikaweka makali juu ya gogo, nikagonga mgongo kwa rungu,
pa, pa,
gogo likaachana lenyewe kwa lenyewe.
Ubao mmoja. Ubao wa pili. Mabanzi ya mguu.

Kisha kazi ikageuka.
Mkono ule ule ukasogea karibu na makali,
kidole cha shahada juu ya mgongo,
nikalainisha mbao zisimchome,
nikanyoa kuni nywele nywele, nyembamba
hata theluji ilionekana ng'ambo yake,
na moto ukashika kwenye kiberiti cha pili.
(Cha kwanza nilikiangusha. Nilikuwa natetemeka.)

Halafu suruali. Tabaka tatu: ngozi, sufu, pamba.
Niliingiza ncha kifundoni, makali yakitazama mbinguni,
nikapanda nayo polepole hadi gotini.
Issát amefumba macho, anahesabu kitu, sijui nini.
"Umeanza?" akauliza.
Mguu ulikuwa wazi tayari.
Hapakuwa na hata tone.

Mwezi wa Mei kaja na gongo lake,
na nusu kilo ya kahawa ya kuombea.
Anataka kisu, siku moja tu,
kuna nguzo za uzio zinamsubiri.
Nikamwambia kisu si sufuria, hakiazimwi.
Lakini nilimkatia mkate kwacho,
vipande vyembamba, siagi juu,
tukazungumza juu ya nguzo,
ni ngapi, unene gani, za mti upi,
na kesho yake nikaenda kumchongea mwenyewe.
Alikaa kwenye kisiki, akizihesabu kwa sauti,
akikosea, akianza upya.

Ukutani sijakitundika hata siku moja.
Ule msumari wa mwalimu
umeshikilia bawaba ya banda la mbwa.